pread kwa nyuzi, libaio, io_uring au SPDK: ipi inakupunguzia miito ya mfumo?

Kila programu inapoiomba kerneli, moyo wa mfumo endeshi, isome au iandike kwenye diski, prosesa huvuka mpaka: hutoka upande wa mtumiaji, huingia upande wa kerneli, hufanya kazi, kisha hurudi. Huko kwenda na kurudi ndiko tunakokuita mwito wa mfumo. Kwenye mashine za leo, mwito mtupu usiofanya lolote hula kuanzia nanosekunde 100 hivi hadi mia kadhaa, kutegemea aina ya prosesa na kinga zilizowashwa. Tangu Meltdown na Spectre, mianya ya kiusalama ndani ya prosesa, zitangazwe Januari 2018, kinga hizo zimepandisha bei ya mpaka. Prosesa za zamani ndizo zilizoumia zaidi, kwa sababu kerneli hulazimika kubadili majedwali ya kurasa kila inapoingia na kutoka.

Kwa diski ya sahani inayozunguka, gharama hiyo haionekani kabisa. Kichwa chake hutumia milisekunde kadhaa kuifikia data, na ndani ya milisekunde moja mna nanosekunde 1,000,000. SSD za NVMe, diski za chipu zisizo na sehemu inayozunguka, zimeigeuza hesabu hii. Kusoma KB 4 kutoka kwenye NAND, yaani chipu zinazobeba data, huchukua maikrosekunde 80 hadi 100 hivi, lakini kifaa kinahudumia maombi mengi kwa wakati mmoja, na zile nzuri hupita maombi milioni moja kwa sekunde. Ukitaka uzi mmoja (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) uilishe diski ya namna hiyo, una maikrosekunde moja tu kwa kila ombi. Humo lazima iingie kazi yako, kazi ya mfumo wa faili, ya kiendeshi, na bado kuna nauli ya mpaka.

## Pima kabla ya kuchagua

Tuseme mwito mmoja kwako unagharimu nanosekunde 300. Programu inayosoma mara 10,000 kwa sekunde, kwa mwito mmoja kila mara, inapoteza milisekunde 3 katika kila sekunde, yaani asilimia 0.3 ya kiini kimoja cha prosesa. Hapo usijisumbue: chukua njia iliyo rahisi, ukalale. Programu inayosoma mara 500,000 kwa miito miwili kila mara inapoteza milisekunde 300, karibu theluthi ya kiini, kabla haijagusa hata baiti moja ya data. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya huyo wa pili, na wale wanaomkaribia.

Namba yako mwenyewe unaipata hivi, programu ikiendelea na kazi zake za kawaida, amri mbili kwenye madirisha mawili kwa wakati mmoja:

```
perf stat -e raw_syscalls:sys_enter -p PID sleep 10
iostat -x 10 2
```

Ya kwanza inahesabu miito yote ya mchakato huo kwa sekunde 10. Ya pili inatoa ripoti mbili. Ipuuze ya kwanza, kwa kuwa ni wastani tangu mashine iwashwe, usome safu za r/s na w/s kwenye ripoti inayofuata. Kisha gawanya. Miito 400,000 ndani ya sekunde 10 pamoja na r/s ya 20,000 maana yake ni miito miwili kwa kila usomaji. Uwiano ukitoka mkubwa kupita kiasi, yaelekea usomaji mwingi unaishia kwenye kache ya kurasa, nakala za faili ambazo kerneli huziweka kwenye RAM, na haufiki kwenye diski. Hilo lina hukumu yake, nitalifikia. Jambo moja la kuepuka: usiipime seva yenye shughuli kwa `strace`. Husimamisha mchakato kwenye kila mwito, na mwishowe unakuwa unapima `strace` yenyewe.

## pread na kundi la nyuzi

Hii ndiyo njia kongwe na bado ndiyo inayobeba programu nyingi. Uzi mkuu unapokea kazi, unamkabidhi mmoja wa wafanyakazi, mfanyakazi anaita `pread` na kulala hadi data ifike. Watu hufika hapa kwa kulazimika: mbinu ya `epoll`, ya kuarifiwa data ikiwa tayari, inayofanya maajabu kwenye soketi haifanyi kazi kwa faili za kawaida. Ukijaribu kuisajili faili, `epoll_ctl` inakurudishia `EPERM`, na `O_NONBLOCK` kwenye faili hiyo haibadilishi kitu.

libuv, maktaba iliyo chini ya Node.js, imejengwa hivi: nyuzi 4 kwa chaguo-msingi, na kigezo cha `UV_THREADPOOL_SIZE` kinakuruhusu kwenda hadi 1024. PostgreSQL 18, iliyotoka Septemba 2025, ilipoleta usomaji usiosubiri ilitoa chaguo tatu katika `io_method`: `sync`, `worker` na `io_uring`. Iliyowekwa kama chaguo-msingi ni `worker`, yaani michakato ya pembeni inayosoma kwa niaba ya wengine, mitatu kwa kuanzia.

Kwa karatasi, njia hii ina mwito mmoja kwa kila ombi. Kwa vitendo ni zaidi. Kumwamsha mfanyakazi ni `futex` (mwito wa kulaza na kuamsha nyuzi), kumrudishia bosi jibu mara nyingi ni `futex` nyingine, na katikati nyuzi zimebadilishana zamu kwenye prosesa mara mbili. Hizo zamu huuma kuliko mwito wenyewe, kwani uzi unaoamka hukuta kache ya prosesa imeshajaa mambo ya mwingine.

Kabla ya kuitupa njia hii, kuna marekebisho mawili ya bei nafuu. La kwanza: soma vipande vikubwa. Kurasa 16 zinazofuatana za KB 4 ni mwito mmoja wa KB 64, au `preadv` moja ukitaka kila ukurasa uangukie bafa yake. La pili: tangu Linux 4.14, `preadv2` inakubali alama ya `RWF_NOWAIT`. Uzi mkuu unajaribu kusoma mwenyewe. Data ikiwamo kwenye kache ya kurasa inapatikana papo hapo, isipokuwamo unapata `EAGAIN` na hapo tu ndipo kazi inakwenda kwa wafanyakazi. Kwa programu ambayo sehemu kubwa ya usomaji wake unaangukia kwenye kache, marekebisho haya yanafuta karibu kubadilishana zamu kote, na hujagusa muundo wa programu.

Nyuzi zina fadhila nyingine inayosahaulika. Kunakili data kutoka kwenye kache ya kurasa na kuhakiki jumla za ukaguzi hufanywa na mfanyakazi, kwenye kiini chake. Shika hilo, kwa sababu litairudia io_uring vibaya.

## POSIX AIO

AIO ni usomaji na uandishi usiosubiri, na majina ya toleo hili ni ya kuvutia: `aio_read`, `aio_write`, `aio_suspend`. Kwenye Linux, glibc inayatekeleza kwa nyuzi zilezile, ila sasa zimefichwa, na maombi ya faili moja iliyofunguliwa mara moja hupangwa foleni yakahudumiwa moja baada ya jingine. Unapata gharama za nyuzi bila uwezo wa kuzisimamia. Ruka. (FreeBSD ni habari tofauti: huko `aio_*` imo ndani ya kerneli, majibu yake yanafika kupitia `kqueue`, na `lio_listio` inatuma orodha nzima ya maombi kwa mwito mmoja.)

## libaio

AIO ya Linux yenyewe, ile ya `io_setup`, `io_submit` na `io_getevents`, ipo tangu enzi za kerneli 2.6. Ndiyo InnoDB ya MySQL inayotumia unapoacha `innodb_use_native_aio` ikiwa imewashwa. Ina sifa mbaya, na nyingi inastahili, lakini kwa lengo la kupunguza miito si dhaifu kama inavyosemwa.

`io_submit` hupokea orodha. Maombi 32 yanaingia kwa mwito mmoja, na `io_getevents` mmoja unaweza kuondoka na majibu 32. Hiyo ni miito 2 kwa maombi 32. Anayelalamika kwamba libaio ina miito miwili kwa kila ombi, mara nyingi anaituma mojamoja: anateka maji kisimani kwa kikombe na ndoo iko pembeni. Kuna hata njia ya kuepuka `io_getevents`. Pete ya majibu ya AIO (foleni inayojizungusha) imeshawekwa kwenye kumbukumbu ya mchakato wako, na unaweza kusoma vichwa vyake moja kwa moja bila kuingia kwenye kerneli. fio, zana ya kupima kasi ya diski, inalifanya hilo kwa chaguo lake la `userspace_reap`.

Kasoro zake ni nzito, na haziponi kwa mkupuo. Kubwa kuliko zote: isiposindikizwa na `O_DIRECT` (alama ya kufungua faili ili usomaji uiruke kache ya kurasa), `io_submit` inakwama hadi usomaji uishe. Hakuna kosa linalorudi, hakuna onyo. Jina ni la kutosubiri, tabia ni ya kusubiri. Hata ukiwa na `O_DIRECT` inaweza kukwama mfumo wa faili unapotafuta metadata, au foleni ya kifaa inapojaa. Pia kila ombi linanakiliwa: baiti 72 kwenda, 32 kurudi. Na mashine nzima ina kikomo cha maombi katika `/proc/sys/fs/aio-max-nr`, 65536 kwa kawaida, ambacho hifadhidata mbili tatu kwenye seva moja zinaweza kukimaliza.

Kama unatumia `O_DIRECT`, faili zako umezitengea nafasi mapema, na programu tayari inatuma kwa mkupuo, faida ya kuhama kutoka libaio itakuwa ndogo kuliko ulivyoahidiwa. Pima kwanza.

## io_uring

Jens Axboe ndiye aliyeiandika, na iliingia katika Linux 5.1, Mei 2019. Muundo wake ni pete mbili katika kumbukumbu inayoonwa na pande zote mbili, programu na kerneli. Kwenye pete ya maombi unajaza kisanduku cha baiti 64: fanya nini, kwenye faili ipi, kuanzia wapi, bafa iko wapi, na namba yako ya utambulisho katika `user_data`. Kwenye pete ya majibu kerneli inakuachia baiti 16: namba yako ileile, matokeo, na alama. Kuandika ombi na kusoma jibu ni kugusa kumbukumbu tu. Mwito unahitajika kuiambia kerneli «kuna kazi mpya» na, ukitaka, kulala hadi majibu fulani yafike, na yote mawili yanafanywa na `io_uring_enter` mmoja. Kwa liburing, maktaba ya kuitumia io_uring, mzunguko unakaa hivi:

```
while (kuna_kazi) {
    while (kuna_kazi && (sqe = io_uring_get_sqe(&pete)))
        jaza_ombi(sqe);
    io_uring_submit_and_wait(&pete, 8);
    n = io_uring_peek_batch_cqe(&pete, majibu, 64);
    for (i = 0; i < n; i++)
        shughulikia(majibu[i]);
    io_uring_cq_advance(&pete, n);
}
```

Mwito upo mmoja tu katika mzunguko mzima. (Katika programu halisi, mwishoni unapunguza ile 8 ili usisubiri majibu ambayo hayaji.) Namba hiyo ndiyo ya kuchezea. Ukiweka 1, unaamka mara jibu la kwanza linapofika: kila ombi linapata huduma haraka, miito inakuwa mingi. Ukiweka 32, unavuka mpaka mara chache, lakini jibu lililofika kwanza linawasubiri wenzake. Hakuna thamani inayofaa wote. Seva inayojibu watu mmoja mmoja itakaa chini. Kazi ya usiku inayopitia faili zote itakaa juu.

Bila `O_DIRECT` nako inafanya kazi, na hapo ndipo inapoipita libaio kwa mbali. Kerneli hujaribu kwanza bila kusubiri. Ikishindikana, tangu 5.9 usomaji kupitia kache kwenye ext4, XFS na Btrfs unaweza kuendelea data ifikapo bila kuhitaji uzi wa pembeni. Yale yasiyowezekana, `fsync` (kulazimisha data ifike kwenye diski) ikiwamo, hupelekwa kwa nyuzi za wafanyakazi ndani ya kerneli. Ukiona nyuzi zenye majina yanayoanza na `iou-wrk` zikiongezeka kwenye `top -H`, jua kwamba maombi yako yanaangukia huko, na kwamba unalipia kundi la nyuzi ulilodhani umelikimbia.

Sasa ile hukumu niliyoiahidi. Data ikiwamo tayari kwenye kache ya kurasa, io_uring huinakili papo hapo, ndani ya uzi uliotuma ombi. Uzi mmoja unaosoma GB nyingi kutoka kwenye kache utashikwa na kasi ya kiini kimoja cha prosesa katika kunakili, na kundi la nyuzi 4 litaushinda bila jasho. Miito imepungua kweli, ila haikuwa shida. Ndiyo maana ukilinganisha `worker` na `io_uring` ndani ya PostgreSQL 18 kwenye meza inayoenea katika RAM, usishangae ya kwanza ikitangulia.

### Viongezi, na vipi vinalipa

Kusajili bafa ndiko ningeanza nako. Katika `O_DIRECT`, kila ombi la kawaida linailazimu kerneli itafute kurasa za bafa yako, izishike zisihamishwe, kisha iziachie. Ukizisajili mara moja kwa `io_uring_register` na kutumia `io_uring_prep_read_fixed`, kazi hiyo inafanywa mwanzoni tu. Kumbuka `RLIMIT_MEMLOCK`: bafa zilizosajiliwa zinahesabiwa humo, na kikomo kidogo kitakurudishia `ENOMEM` hata RAM ikiwa ipo tele. Kusajili faili kunaondoa hesabu ya marejeo kwa kila ombi. Faida ipo, hasa nyuzi nyingi zinaposhiriki faili moja.

`IORING_SETUP_DEFER_TASKRUN`, ya tangu Linux 6.1, pamoja na `IORING_SETUP_SINGLE_ISSUER` ambayo ni lazima iandamane nayo, inaiambia kerneli isikatize uzi wako kila ombi linapokamilika. Imalize shughuli za majibu pale tu unapokuja mwenyewe kusubiri. Kwa programu yenye pete moja kwa kila uzi, weka alama hizi mbili na uendelee na maisha. Ni mstari mmoja wa msimbo.

Halafu kuna `IORING_SETUP_SQPOLL`, inayopendwa na wengi kwa sababu ahadi yake ni sifuri. Kerneli inaanzisha uzi wake unaochungulia pete ya maombi bila kukoma, kwa hiyo kutuma hakuhitaji mwito. Kabla ya 5.11 ilikutaka usajili faili zote kwanza, tangu 5.13 haihitaji ruhusa maalumu. Bei yake ni kiini cha prosesa. Uzi ule unazunguka wakati wote kazi inapoendelea, na unalala baada ya muda uliouweka katika `sq_thread_idle`. Ukilala, unahitaji mwito kuuamsha. Kwenye mashine pepe yenye viini viwili umegawa nusu ya prosesa ili kuokoa nanosekunde. Tena sifuri hiyo ni ya kutuma. Ukiita `io_uring_wait_cqe` na jibu bado halijafika, unaingia kwenye kerneli kulala kama kawaida, isipokuwa na wewe uchungulie bila kukoma, na hapo viini vinavyozunguka ni viwili.

Binafsi naiona SQPOLL kuwa dawa ya ugonjwa mmoja: uzi wa kutuma umejaa asilimia 100, mkupuo hauwezi kukua kwa sababu maombi yanakuja mojamoja na hayawezi kusubiriana, na viini vya ziada vipo. Yakikosekana mojawapo, mkupuo wa maombi manane au kumi na sita unakupa sehemu kubwa ya faida hiyo bure: mwito wa nanosekunde 300 ukigawanywa kwa 16 unakuwa chini ya 20 kwa ombi. Kinachobaki kuokoa ni kidogo mno.

`IORING_SETUP_IOPOLL` inahusu upande wa pili, kukamilika. Badala ya diski kukatiza prosesa, kerneli inachungulia foleni ya kifaa. Inataka `O_DIRECT` na kiendeshi chenye foleni za kuchunguliwa; kwa NVMe kigezo ni `nvme.poll_queues`, ambacho kwa kawaida ni 0, na wengi husahau kukiongeza. Inapunguza muda wa kusubiri kwa vifaa vyepesi sana. Kwa NAND ya kawaida, hizo maikrosekunde 80 bado zipo palepale.

## SPDK

Hapa kerneli inatolewa kabisa. SPDK, mradi ulioanzishwa na Intel, una kiendeshi cha NVMe kinachoishi ndani ya programu yako: unaandika amri kwenye foleni ya kifaa, unagusa rejista yake, kisha unachungulia majibu. Hakuna mwito, hakuna kukatizwa. Kwa maombi kwa sekunde kwa kila kiini, ndiyo kipimo ambacho wengine hujilinganisha nacho.

Unachoacha ni kingi. Diski inaondolewa kwenye kiendeshi cha kerneli na kukabidhiwa `vfio-pci`, kwa hiyo `/dev/nvme0n1` inatoweka. Hakuna ext4, hakuna kache ya kurasa, hakuna `ls`, hakuna `iostat`. Unatenga kurasa kubwa za kumbukumbu, na kiini kimoja au zaidi kinazunguka asilimia 100 hata usiku ambapo hakuna mteja. Wanaoijenga hifadhi yenyewe, yaani safu inayowauzia wengine diski pepe, wana sababu. Mwenye programu inayohifadhi faili hana.

Katikati yake na io_uring kuna njia ya pembeni tangu Linux 5.19: kutuma amri za NVMe moja kwa moja kupitia io_uring kwenye `/dev/ng0n1`, ukiruka mfumo wa faili na safu ya vifaa vya kuhifadhi, huku diski ikibaki mikononi mwa kerneli. Kabla ya kufikiria SPDK, jaribu hii.

## Kando kwa kando

| Njia | Miito kwa ombi, mkupuo wa 32 | Bila O_DIRECT | Kinachodaiwa |
|---|---|---|---|
| pread na nyuzi | 1, pamoja na futex | Sawa | Kubadilishana zamu kwingi |
| libaio, mojamoja | 2 | Inakwama | O_DIRECT |
| libaio, mkupuo | 2/32 | Inakwama | O_DIRECT, kikomo cha aio-max-nr |
| io_uring ya kawaida | 1/32 | Sawa | Linux 5.1, na iwe imeruhusiwa |
| io_uring na SQPOLL | 0 kwa kutuma | Sawa | Kiini cha prosesa |
| SPDK | 0 | Hakuna faili | Diski nzima na viini |

`mmap` nimeiacha nje ya jedwali makusudi. Haina mwito kwa usomaji, kweli, lakini ukurasa usiokuwepo unaiingiza prosesa kwenye kerneli vilevile, na uzi unalala pale ulipogusa kumbukumbu bila wewe kujua. Si njia ya kutosubiri.

## Iwe imeruhusiwa

Safu ile ya mwisho ina neno linaloamua mambo mengi kuliko nanosekunde. Juni 2023 Google ilieleza kwamba asilimia 60 ya mashambulizi yaliyowasilishwa kwenye mpango wake wa zawadi wa kCTF, unaowalipa wanaovunja ulinzi wa kerneli, yalitumia io_uring. Ikaizima kwenye ChromeOS na kwenye seva zake za uzalishaji, na kwenye Android ikaizuia programu za kawaida zisiifikie. Wasifu wa seccomp (kichujio cha miito ya mfumo) wa chaguo-msingi wa Docker nao unaizuia. Sababu moja ni ya kimuundo: maombi yanayopita kwenye pete si miito ya mfumo, kwa hiyo kichujio cha seccomp hakiyaoni mojamoja, kinachoweza kufanya ni kufunga mlango mzima.

Tangu Linux 6.6 kuna swichi ya `kernel.io_uring_disabled`. Thamani 0 inaruhusu wote, 1 inawabakizia wenye ruhusa ya msimamizi, `CAP_SYS_ADMIN`, na kikundi kilichotajwa katika `kernel.io_uring_group`, 2 inaizima kwa kila mtu. Maana yake kwa mwandishi wa programu: io_uring haiwezi kuwa njia pekee. `io_uring_queue_init` ikirudisha `-EPERM` au `-ENOSYS`, lazima kuwe na kundi la nyuzi nyuma yake, na njia hiyo ya akiba ijaribiwe kwa uzito uleule, maana kwa baadhi ya watumiaji ndiyo watakayoiona daima.

## Kwa hali yako

Ukiandika programu itakayosambazwa kwenye mashine usizozijua, au inayobeba maelfu machache ya maombi kwa sekunde, chukua `pread` na nyuzi, uongeze `RWF_NOWAIT`. Ukiwa nje ya Linux mjadala huu mwingi haukuhusu: Windows ina IOCP, njia yake ya kutosubiri ya miaka mingi, na, tangu Windows 11, IoRing inayofanana na io_uring.

Ukiwa na hifadhidata kwenye seva zako mwenyewe, kerneli 6.1 au zaidi, na `O_DIRECT`, chagua io_uring kwa mkupuo, `DEFER_TASKRUN` na bafa zilizosajiliwa. Linganisha na ulichonacho kwa amri moja ya fio, ukibadilisha `--ioengine` kati ya `libaio` na `io_uring` na kuacha mengine yote yalivyo:

```
fio --name=linganisha --filename=/dev/nvme0n1 --readonly \
    --rw=randread --bs=4k --direct=1 --ioengine=io_uring \
    --iodepth=32 --iodepth_batch_submit=16 \
    --iodepth_batch_complete_min=8 --runtime=30 --time_based
```

Usiangalie IOPS (maombi kwa sekunde) peke yake. Mstari wa `cpu` kwenye matokeo, penye `usr` na `sys`, ndio unaokuambia kama umeokoa kitu. Diski ikiwa imeshafika kikomo chake, IOPS zitafanana na tofauti yote itakuwa kwenye `sys`.

Mzigo wako ukiwa wa kuandika logi na kuhakikisha kila muamala umefika kwenye diski, kinachokula muda ni `fsync`, na hakuna njia kati ya hizi inayoifanya diski imalize haraka. io_uring inakuwezesha kuunganisha kuandika na `fsync` kwa `IOSQE_IO_LINK` zikaenda kwa mwito mmoja, ingawa andiko likikatika katikati mnyororo nao unakatika, na ni lazima uwe tayari kulishughulikia hilo. Lakini kukusanya miamala 20 chini ya `fsync` moja kutakupa zaidi ya chochote kilicho kwenye jedwali lile, hata kwa `pwrite` ya kawaida.